Masomo ya primeri ni ya bure lakini batoto banarudishwa nyumbani juu ya feza, tupitie mulango gani?

Mama_wa_Batatu (Lubumbashi)
Jambo yenu bandugu. Niko mu komite ya bazazi, masomo yetu (shule) ni ya serikali, primeri, mu komini ya pembeni ya muji. Tangu 2019 minervali (feza ya masomo) ya primeri iliondolewa na kweli hakuna mwenye anaiomba, lakini kila mwezi mu kaye ya mutoto munatoka kakaratasi: falanga ya "kutia balimu moyo". Mwenye hakuleta anarudia. Juzi asubui nikakuta batoto inje ya mulango, kamoja kalikuwa na bido yake (dumu) mukononi juu mu klasi ya tatu mabenchi haitoshi, kila mutoto anakuya na kitu ya kukalia toka kwao. Kanarudishwa na bido yake, kanalia.
Na mwalimu siwezi kugombana naye, hajaingia mu liste ya mushahara ya serikali, atakula nini? Na bazazi ni bantu ba kuuzisha makala, bukari yenyewe ni shida. Sasa kuko feza ya serikali ya kusaidia masomo ya bamasikini kama hii, ao njo tuvumilie tu vile direkteri anasema?

Mwalimu_Katuba
Mama, asante kwa kuona shida ya mwalimu, wengi hapana kuiona. Kwanza muulize direkteri kitu moja: masomo iko mekanize (iko mu liste ya mushahara ya serikali) na bijetize (iko mu bajeti ya serikali)? Masomo inaweza kuwa na areti (karatasi ya serikali) ya kukubaliwa na bado haiko mu bajeti, hapo hakuna feza ya kuendesha masomo yenye itafika, na balimu bapya (beye banaitwa NU) banabaki bila mushahara hata miaka. Kama iko bijetize, ile feza inapaswa kuonekana mu kitabu ya komite ya masomo na weye muzazi uko na haki ya kuiona. Kama haiko, dosie inapita ku su-proved (ofisi ndogo ya elimu) kisha ku Proved (ofisi ya elimu ya provensi). Usiende peke yako, muende komite nzima.

Yaya_Kenya
Mi naona mulipe kidogo tu, mwalimu akiondoka batoto batabaki na nani. Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 mu 2020 juu ya hii elimu ya bure na bado batoto banakala chini, basi mutangojea mupaka lini?

Mama_wa_Batatu
Yaya, mwenye iko nayo alipe kwa roho yake, sikatai. Lakini kurudisha mutoto, hapana. Konstitisio ya 2006 artikle 43 inasema primeri ya serikali ni ya bure.

Fundi_wa_Kipushi
Mama usikie vizuri, hapa kwetu kuko mulango ingine yenye bantu banasahau: migodi. Kodi mine (sheria ya migodi) ya 2018 inagawanya redevansi (feza yenye kampuni inalipa juu ya madini) hivi: 50 ku mia ya serikali ya juu, 25 ya provensi, 15 ya komini ao sekta kwenye mugodi uko, 10 ya mufuko wa kizazi kinachokuja. Ile 15 inatoka ku kampuni inaenda moja kwa moja. Kisha kampuni inatoa tena 0,3 ku mia ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya bantu ba pale, na masomo inaingia kabisa. Kama mugodi unatumika mu komini yenu, muende kwa burugumesta (mukubwa wa komini) na barua: tunaomba mabenchi, tunaomba klasi mbili. Musiombe "musaada", hapo hakuna kitu itatoka. Muombe kitu yenye inahesabika, na bei ya seremala pembeni.
Lakini hiyo ni ya mabenchi na klasi. Mushahara ya mwalimu ni ya serikali, musichanganye.

Dada_Bukavu
Pole dada. Kwa shule ya batoto bangu bazazi baliandika mu mkutano: deni ni ya muzazi, mutoto hatoki mu klasi. Direkteri akasaini. Muanze na hilo, halina gharama.

Mwalimu_Katuba
Kabisa. Mimi ni NU na sikubali mutoto atoke juu yangu.

Mama_wa_Batatu
Mungu awabariki. Hiyo ya Dada nitaipeleka ku mkutano ya siku ya posho (Jumamosi), na direkteri nitamuomba areti. Mugodi uko, tunasikia malori usiku mzima. Barua iandikwe kwa Kifaransa?

Fundi_wa_Kipushi
Kifaransa, kopi tatu. Ya kwanza ya burugumesta, ya pili ya su-proved, ya tatu bagonge kashe (muhuri) na tarehe, ubaki nayo.