Flamenko ya sasa: nianze na Rosalía, Estrella Morente au Miguel Poveda?

Kipaza77: Wakuu, nataka kuisikiliza flamenko ya sasa, ule muziki wa Andalusia, kusini mwa Hispania. Kila ninapogusa naletewa Rosalía, halafu wajuzi wanasema huyo keshaihama. Nianze na nani?

BintiGita: Rosalía, ila usianzie Motomami ya 2022. Humo regetoni imejaa, flamenko utaitafuta kwa tochi. Chukua Los Ángeles ya 2017: sauti yake na gitaa la Raül Refree, karibu basi, na nyimbo nyingi ni za kifo. Mwaka uliofuata akatoa El mal querer, iliyoanza kama kazi yake ya kuhitimu chuo cha muziki. Makofi ya flamenko yamo, mashine zimo. Hiyo ndiyo iliyompa Grammy 2020.

MzeeWaNyuzi: Kwa umaarufu hana mpinzani, sibishi. Lakini uimbaji huu hurithiwa nyumbani. Estrella ni mtoto wa mwimbaji Enrique Morente wa Granada, na mama yake ni mcheza flamenko. Albamu ya kwanza katoa 2001, binti wa miaka ishirini na ushee. Tena wengi mmeshamsikia bila kujua: katika Volver, filamu ya Almodóvar ya 2006, Penélope Cruz anapoimba, sauti ni ya Estrella.

Mpigamakofi: Mzee, hoja ya urithi inakwama kwa Poveda. Kakulia Badalona, Catalonia, mbali na Andalusia, wala si Mgitano, yaani si wa jamii ya Waroma wa Hispania. 1993, akiwa na miaka 20, akaenda La Unión kule Murcia akabeba Lámpara Minera, tuzo kuu ya shindano la Cante de las Minas. Baada ya hapo nani angemuuliza ukoo?

MzeeWaNyuzi: Poveda namvulia kofia. Kwa Rosalía ugomvi si sauti. Wapo Wagitano waliolalamika kwamba Mkatalani anachukua matamshi na alama zao, kisha mavuno ni yake. Watu waliobaguliwa karne na karne wana haki ya kuuliza.

BintiGita: Waulize, ni haki yao. Ila Rosalía kasoma kwa miaka chini ya mwalimu wa uimbaji, Chiqui de la Línea, hakuokota njiani. Na huyo baba yake Estrella, Mzee, si ndiye aliyeingia studio na bendi ya roki Lagartija Nick wakatoa Omega 1996? Camarón, mwimbaji na Mgitano halisi, alivyotoa La leyenda del tiempo 1979 haikuuzika. Leo wanaopiga kelele za asilia wanaziapia zote mbili.

Chuma_Bara: Hahaha, kama ugomvi wa taarabu vile. Israel Fernández mbona hamumtaji? Huyo ni kijana na anaimba ya kizamani kabisa.

Kipaza77: Basi leo Los Ángeles. Poveda nichukue ipi?

Mpigamakofi: ArteSano ya 2012. Coplas del querer iache kwanza, humo anaimba kopla, nyimbo za Kihispania zisizo flamenko hasa.