Wanafunzi wa uzamili tunahukumiwa kwa stadi ambazo hakuna aliyetufundisha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Leo nimerudishiwa mapitio ya maandiko, ile sura ya tasnifu inayopima tafiti za waliotangulia, kwa mara ya tatu. Kurasa 22, na maoni ya msimamizi ni yaleyale: "Umeelezea tu, hujahakiki." Mara ya kwanza niliuliza kuhakiki kunafanywaje. Nikajibiwa kwamba kwa ngazi hii natakiwa niwe nimeshajua.

Nijulie wapi? Shahada ya kwanza yote nilisoma notisi za wahadhiri, nikafanya mitihani, nikafaulu vizuri, ndiyo maana wakanipokea. Hakuna siku niliyowekewa mezani makala mbili zinazopingana nikaulizwa ipi ina hoja yenye nguvu na kwa nini. Na mimi nina nafuu. Darasani tunaye dada aliyekaa kazini miaka 15 kabla ya kurudi shule. Alipoacha masomo, majarida aliyasomea maktaba kwenye karatasi. Naye anaambiwa "ulitakiwa uwe unajua".

Wiki ya ukaribisho tulizungushwa kwenye majengo, tukapigwa picha za vitambulisho, kisha mkutubi akapewa dakika 20 atueleze kila kitu kuhusu kanzidata za majarida. Dakika 20! Yule mama alijitahidi, lawama si zake. Hakufika hata kwenye alama za nukuu zinazokuwezesha kutafuta maneno yakiwa yameambatana, wala namna ya kuifuatilia makala moja nyuma na mbele: nyuma kwa orodha yake ya marejeo, mbele kwa kuwatazama waliokuja kuitaja baadaye. Hayo nimeyajua mwezi wa tano, baada ya kukesha usiku mwingi nikipekua maelfu ya matokeo yasiyonihusu.

Kwenye kusoma ndiko nilikoumia zaidi. Tulikuwa tunapewa makala nane kwa wiki, nami nilizisoma kama riwaya, neno la kwanza hadi la mwisho, nikipaka rangi karibu kila mstari. Ijumaa ikifika nimemaliza tatu na sikumbuki hata moja. Nilianza kuamini kwamba sina akili ya kiwango hiki, na najua siko peke yangu niliyewaza hivyo. Kumbe watafiti wenyewe hawasomi hivyo! Wanaanza na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, wanaruka hadi hitimisho, wanatazama majedwali na michoro, ndipo wanaamua kama makala inastahili kusomwa mbinu na matokeo yake kwa makini. Nimeambiwa hili na mwanafunzi wa uzamivu tuliyekutana kwenye foleni ya kuchapisha. Mtu wa kwenye foleni, wakuu, si mhadhiri.

Huyohuyo ndiye aliyenichorea jedwali nyuma ya karatasi. Kila makala mstari wake. Safu ni swali la utafiti, mbinu, sampuli, matokeo, udhaifu. Ukishajaza, akasema, usisome kwa kwenda kulia, soma kwa kushuka chini. Hapo unaona hawa wanne walihoji watu mjini tu, huyu mmoja alikwenda vijijini na matokeo yake yamegeuka. Unajiuliza kwa nini, na jibu lako ndiyo aya yako. Aya inabeba hoja, na waandishi wanaingia humo kuiunga mkono au kuipinga, badala ya kila mwandishi kupewa aya yake. Basi! Ndiyo "kuhakiki" niliyokuwa naadhibiwa nayo miezi saba. Ilichukua dakika kumi kunieleza.

Kuna la mwenzangu pia. Kazi yake ilipita Turnitin ikatoka na asilimia 34, akaitwa ofisini na kuambiwa ni mwizi wa kitaaluma. Ile programu inaonyesha maandishi yanayofanana na ya kwingine, haitoi hukumu. Orodha ya marejeo na nukuu zilizofungwa vizuri zinaweza kuhesabiwa humo zisipoondolewa. Hakuna aliyekaa naye kutazama kilichopakwa rangi ni nini. Ndiyo, kulikuwa na sehemu alizobadilisha neno mojamoja akidhani huko ndiko kusema kwa maneno yake, na hilo ni kosa. Lakini nani alimwambia afunge makala kwanza, aandike alichoelewa, arudi kulinganisha, na bado amtaje mwandishi? Adhabu ilimfikia kabla ya somo.

Marejeo nayo: tulipewa mwongozo wa APA, mtindo wa kuandika marejeo, toleo la 6, tukakatwa alama kwa kanuni za toleo la 7 lililotoka 2019. Na tulikuwa tunayaandika kwa mkono, wakati Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo, ipo na ni ya bure.

Msiniambie kuna kitengo cha stadi za masomo. Chetu kinafungua saa za kazi, wakati wengi wetu tumeajiriwa, na ili upokelewe ni lazima mhadhiri akuandikie baada ya kufeli. Kwa hiyo anayekwenda anajificha. Na wanaosema mtu wa uzamili ajitegemee, hata daktari aliyehitimu hukaa chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa mgonjwa. Tunachotaka ni somo ndani ya ratiba, muhula wa kwanza, lifundishwe na watu wa fani yetu. Watuwekee mapitio mazuri na mabovu ubavu kwa ubavu, watuonyeshe tofauti.

Sura yangu naipeleka tena Alhamisi, safari hii na jedwali. Kama kuna aliyewahi kuibana idara hadi ikaingiza somo hili kwenye ratiba, aseme walianzia wapi. Wawakilishi wetu wanaonana na mkuu wa idara wiki ijayo na sitaki waende mikono mitupu.