Wabandika protekta wa Arusha mnatuumiza: mkwaruzo pekee kwenye tableti yangu ameuweka fundi, si kalamu

Wakuu salaam. Nimejizuia wiki nzima nisiandike huu uzi, leo nimeshindwa.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Asubuhi niko mezani Sakina, mchana niko saiti, leo Muriet, kesho Olasiti, keshokutwa Moshono. Mwezi wa 6 nilinunua tableti inayokuja na kalamu yake ili mteja akitaka sebule isogezwe nimchoree palepale aone. Hela yake niliidunduliza miezi minane, kwa hiyo mnielewe ninapopandisha sauti.

Niliinunua kwenye fremu moja mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Sijamaliza hata kubandua nailoni ya kiwandani, kijana wa pale akaniambia: "Kaka, ukichora hivihivi hiyo kalamu itakula kioo. Mwezi mmoja tu, skrini huna." Nikamuuliza ana uhakika? Akaapa. Nikatoa 35,000, akanibandikia ile protekta inayoitwa ya karatasi, yenye uso wa kuparuza kidogo.

Hakuniuliza nachora nini. Hakuniuliza nachorea wapi. Hata kalamu yenyewe hakuiangalia.

Kweli, siku za mwanzo mkono ulifurahi. Kalamu haitelezi, unahisi unaandika kwenye daftari. Lakini skrini ikaingia ukungu, na nikifungua ukurasa mweupe naona vichembe vya rangi rangi vinamemeteka kama mafuta ya taa juu ya maji. Laini nyembamba za vipimo nikawa nazikodolea macho. Wiki ya sita kalamu ikaanza kuparuza vibaya. Nikaivuta ncha kwa kile kibanio chake, nikaiweka juu ya kucha ya kidole gumba: upande mmoja imelika mshazari, bapa kabisa, kama penseli ya mtoto aliyeisugua sakafuni. Ile plastiki ya kuparuza imefanya kazi ya msasa. Nina ncha za akiba mbili tu, na hapa mjini nimezunguka siku mbili nazitafuta, sijazipata.

Nikarudi. Jamaa anasema kalamu yangu ndiyo mbovu, suluhisho ni protekta ya kioo, 50,000. Nikakubali. Hapo ndipo ninapojilaumu, maana nilikuwa nimetoka saiti ambako mafundi walikuwa wanakata tailizi kwa grainda, na begi lote lilikuwa jeupe kwa unga.

Sasa sikilizeni alichofanya. Akabandua ile ya zamani akiwa amesimama mlangoni, bodaboda zinapita na vumbi lake. Akashika pindo la fulana aliyovaa, akaifuta skrini kavu kavu kwa nguvu. Nilisikia krrr. Sauti ndogo, lakini niliisikia. Nikamwambia ngoja, akasema hayo ni mafuta ya vidole tu, akabandika juu yake.

Nyumbani nikawasha taa ya meza nikaiinamisha. Mkwaruzo, urefu wa vidole vitatu, unaanzia kona ya chini kulia, pale mkono wangu unapokaa. Uko kwenye kioo chenyewe, chini ya protekta. Hautoki.

Jirani yangu ni dalali wa tanzanaiti, akanionyesha jambo ambalo muuza protekta alipaswa kulijua kuliko mimi. Wanapima ugumu wa mawe kwa kipimo cha Mohs, kilichotungwa mwaka 1812: talki ni 1, almasi ni 10, na chenye namba kubwa kinakwaruza chenye namba ndogo. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, ndiyo maana anawakataza wateja wasiifute pete kavu ikiwa na vumbi. Kioo cha skrini nacho kinachezea kwenye 6. Kwatzi, ambayo imejaa kwenye mchanga mwingi na kwenye unga wa tailizi, ni 7. Na ncha ya kalamu? Plastiki, iko huko chini jirani na kucha zetu. Haiwezi kukwaruza kioo kisafi hata ukichora mwaka mzima. Kinachokwaruza ni chembe ya mchanga iliyonaswa chini ya ncha, au chini ya kiganja. Au chini ya fulana ya fundi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja ni moja: unachorea wapi? Anayechora mezani nyumbani, mikono misafi, ana kitambaa laini na kava la kufunika, mwacheni achore juu ya kioo chake. Mtu wa saiti kama mimi, ndiyo, kinga nahitaji, tena ile nyembamba laini isiyo ya kuparuza, ikichakaa naitupa naweka nyingine. Ya kioo inasaidia kidogo ikianguka, sibishi. Skrini nyingi siku hizi kioo na onyesho (ile sehemu inayotoa picha) vimegandishwa pamoja, kikipasuka unabadilisha kipande kizima, gharama yake mnaijua. Ila kwenye kuchora inatesa. Unene wake unafanya ncha ionekane inaelea juu ya laini, na kwa kuwa haifiki mpaka mwisho wa skrini, kalamu ikifika ukingoni inadondoka kama gari linalotoka lami kuingia vumbini. Vitufe vya programu yangu viko hukohuko ukingoni.

Wala msidanganywe kwamba kalamu "haitasoma" bila protekta yao maalumu. Hii yangu haina hata betri, inapata nguvu kutoka kwenye kinasio, yaani ile sehemu inayoisoma kalamu, iliyo nyuma ya skrini, inasoma vizuri ikiwa na kinga au bila kinga.

Nimerudi mara ya tatu. Nikaonyeshwa kibao cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi sikuleta bidhaa! Nimeleta uharibifu uliofanywa na mkono wa mtu, mbele yangu, mchana kweupe. Jumla 85,000 zimekwenda na kioo kina mkwaruzo ambao hakikuwa nao nilipokitoa kwenye boksi.

Jumamosi nakwenda tena, nina risiti zote mbili na ile ncha iliyolika nimeifunga kwenye karatasi. Jina la duka sitaji hapa, namtaka mwenye fremu mwenyewe, si kijana wake. Nadai 50,000 zirudi, na aniambie mkwaruzo huu anaufanyaje.

Wakati huohuo, wa Arusha na hata wa Moshi, kuna anayemjua fundi anayebandika ndani ya chumba kilichofungwa, anafuta kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa, na ana zile nyembamba laini za inchi 10? Nauli ya Moshi nitatoa.