Naombeni ushauri: epoleti (mapambo ya mabegani) za afisa zimekuwa nyeusi, nizing'arishe?

Mpenda Nyota:
Habari zenu wakuu. Nimeanza karibuni kukusanya alama za vyeo za sare za sherehe za maofisa wa zamani. Juzi nimepata jozi ya epoleti za jeshi la majini la Uingereza, zimo ndani ya kasha lake la bati jeusi. Kila jioni nazitoa nazitazama. Zina nanga na taji. Aliyeniuzia anasema ni za enzi za Malkia Victoria. Tatizo, nyuzi za dhahabu zinazoning'inia pembeni zimeingia weusi, na ninayo dawa ya kung'arishia fedha. Nipake? Na hiyo habari ya Victoria niiamini?

Mzee wa Vifungo:
Mkuu, usipake! Nyuzi hizo ni za fedha iliyopakwa dhahabu nyembamba sana. Weusi huo ni fedha ya chini inayojitokeza. Ukisugua unaondoa dhahabu iliyobaki, na dawa inaganda katikati ya nyuzi, haitoki tena. Jozi yangu ya kwanza niliifanyia hivyo, ikabaki nyeupe, na mpaka leo roho inaniuma. Toa vumbi kwa brashi laini, basi. Glavu za pamba nazo ziache maana zinanasa kwenye nyuzi. Vaa zile nyembamba za hospitali, ila zisiwe za mpira. Usizifunge kwa gazeti, sufu wala mpira, vyote huzidisha weusi.

Binti Sare:
Kuhusu umri, tazama matao ya taji. Yakiwa yamepanda mviringo kama kuba, ni taji la wafalme waliotawala baada ya Victoria, yaani kuanzia 1901. Na kwa kuwa maofisa wa majini waliacha sare hiyo kamili vita vilipoanza 1939, miaka yako imeshabanwa hapo. (Wenzao wa nchi kavu walikuwa wameziacha epoleti tangu 1855, kwa hiyo akija mtu na za nchi kavu zenye taji la kuba, mkimbie.) Kwenye beji ndogo za chuma uwe makini zaidi: Mfalme Charles wa Tatu amelirudisha taji la kuba tangu 2022.

Mzee wa Vifungo:
Na kasha usilitenganishe na epoleti hata ukipata bei nzuri. Angalia kifunikoni, mara nyingi kuna kibati chenye jina la afisa.

Mpenda Nyota:
Asanteni sana, dawa nimeirudisha kabatini. Taji ni la kuba, kwa hiyo si Victoria. Lakini kibati kipo! Jina limefifia, herufi nne za mwisho zinasomeka.

Binti Sare:
Hesabu nyota upate cheo, kisha fungua Navy List, orodha rasmi ya maofisa wa majini iliyochapishwa tangu 1814. Miaka unayo, cheo utakuwa nacho, na herufi nne si haba. Anza na 1901 uende nayo mpaka 1939.