Ulinganisho: kadi, rasimu chafu, sekwensi nane au kuigiza kwanza? Njia za kuandika skripti kwa anayeanza

SiniYaKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila anapouliza mtu "nianzie wapi skripti yangu ya kwanza", anajibiwa kwa jina la programu. Programu si njia. Naweka njia nne hapa, wenye uzoefu waongezee na kukosoa. Ili tusiongee hewani, tutumie wazo moja: konda wa daladala ya Mbagala–Kariakoo anakuta kitini mkoba wenye rambirambi za msiba. Mazishi ni saa kumi alasiri, mwenye mkoba hamjui, na tajiri wa gari anataka hesabu yake ya siku.

Kadi. Unatafuta kadi za inchi 3 kwa 5, au unakata manila, kadi moja kwa kila sini, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja. Filamu ya dakika 90 hula kadi 40 hadi 60. Fupi ya dakika 10 haizidi 12. Juu ya kadi unaandika mahali na wakati, katikati nani anataka nini na nani anamzuia, chini ni kitu gani kimebadilika sini inapokwisha. Kadi isiyo na huo mstari wa chini ni maelezo tu, bado si sini. Zikishapangika unaandika kurasa 5 hadi 10 za masimulizi, wakati uliopo, bila mazungumzo. Ndipo rasimu.

Rasimu chafu. Unajua mwanzo, unahisi mwisho, basi. Kurasa 3 kwa siku, siku 30 una kurasa 90. Usirudi nyuma kusahihisha. Ukikwama unaandika kwenye mabano kinachotakiwa kutokea ("hapa tajiri anagundua") na kusonga mbele. Mpango unakuja baada ya rasimu.

Sekwensi nane. Frank Daniel aliifundisha katika vyuo vya filamu vya Marekani. Filamu ndefu inagawanywa vipande 8 vya dakika 10 hadi 15, kila kipande na lengo lake, kizuizi chake na mwisho wake. Asili yake ni mikanda ya kale: mkanda wa milimita 35 wenye futi 1,000, kwa fremu 24 kila sekunde, huisha kwa takriban dakika 11.

Kuigiza kwanza. Waigizaji wanapewa hali, unarekodi, unaandika kutokana na walichofanya. Mike Leigh wa Uingereza anajulikana kwa hili: huanza mazoezi bila skripti na kuijenga pamoja na waigizaji kwa miezi.

Karibuni.

---

Kobe_Mpangaji

Upande wa kadi niongeze kipimo ambacho wengi wanakiruka. Soma kadi mbili zinazofuatana kwa sauti na utie neno katikati. Likikubali "kwa hiyo" au "lakini", zimeshikana. Likikubali "halafu" tu, moja kati yake haina kazi.

Konda anafungua mkoba, halafu anakunywa chai, halafu tajiri anapiga simu: imekufa hiyo. Jaribu hivi. Anafungua mkoba anaona bahasha zenye majina. Kwa hiyo anamwomba dereva ageuze gari. Lakini tajiri amepiga simu, leo hesabu imepanda. Kwa hiyo dereva hataki kupoteza tripu. Kadi ya tano sasa inajitafuta yenyewe.

Kasoro ya kadi ni kwamba zinanoga. Mtu anapanga mwezi mzima, ananunua kalamu za rangi, anabandika ukuta mzima, ukurasa hata mmoja hana. Weka ukomo: siku 7 kwa filamu fupi, siku 21 kwa ndefu. Siku inayofuata rasimu inaanza hata kama kadi sita ziko tupu. Na usiandike mazungumzo kwenye kadi. Mstari mtamu ukishakaa pale, utalazimisha sini iwepo kwa ajili yake.

---

Njia_Panda

Kobe, siku 21 za kupanga kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza hata kurasa 10 ni nyingi, kaka. Bado hajui wahusika wake wanaongeaje, anapanga watu asiowajua. Rasimu chafu inamfundisha kumaliza, na kumaliza ndiko kunakowashinda wengi.

Inakwama wapi? Kati ya ukurasa wa 30 na 40, karibu kila mara. Sababu kubwa ni kwamba hadithi ina shida lakini haina mpinzani. Mkoba usio na mwenyewe ni shida. Inakaa tu palepale, haimfuati mtu. Tajiri anayetuma kijana kukaa kiti cha mbele ahesabu abiria, huyo ni mpinzani, maana kila konda akijaribu kitu, naye anajibu. Ukikwama hapo usirudi ukurasa wa 1. Andika nusu ukurasa kwa sauti ya mpinzani: anataka nini leo kabla ya saa kumi, na kwa nini anaona ana haki. Rudi kwenye rasimu ukiwa na hilo.

Ukimaliza, funga faili wiki mbili. Halafu chukua daftari, kompyuta iache. Andika kila sini kwa mstari mmoja na ukurasa inapoanzia. Sini ambayo ukiifuta inayofuata haiumii, iwekee X. Sini mbili zinazofanya kazi ileile, ziunganishe kwa mshale, moja itakufa. Kisha tazama namba: kwenye skripti ya kurasa 90, tukio linalomfungia konda mlango wa kurudi nyuma linatakiwa kati ya ukurasa wa 20 na 25. Likikutwa wa 38, una kurasa kama 13 za kupasha misuli na mara nyingi zote ziko mwanzoni.

Hizo X na mishale ndizo kadi za Kobe, ila zimekuja zikiwa na watu ndani.

---

Kobe_Mpangaji

Nakubali kwa filamu fupi. Kwa ya dakika 90, rasimu ya kwanza ya namna hiyo hutoka na kurasa 140, na anayeanza hana moyo wa kufuta 50. Ataanza kuzitetea.

---

mama_dayalojia

Kuigiza kwanza kunadharauliwa kwa sababu watu wanaichanganya njia hii na ule mtindo wa kufika lokesheni na karatasi moja na kuwaambia waigizaji "nyie ongeeni tu". Huko ni kukwepa kazi. Njia yenyewe ina utaratibu.

Kila mwigizaji apewe karatasi yake, asiione ya mwenzake: unataka nini, unaficha nini, ukikataliwa utafanya nini. Konda anataka gari ligeuke, anaficha kwamba ameshachomoa elfu kumi mkobani. Dereva anataka kufikisha hesabu kabla ya saa nane, anaficha kwamba tajiri ametishia kumpokonya gari. Waache dakika 8 hadi 10, simu ikirekodi mezani katikati yao, kisha wabadilishane nafasi mara moja. Zima feni, itakula sauti yote.

Usinakili rekodi neno kwa neno, utachoka na utaishia na kurasa za "eeh" na "sasa sikiliza". Sikiliza mara moja mikono ikiwa mitupu. Zima, andika sini kwa kumbukumbu. Sikiliza tena, sasa ukiokota yale maneno ambayo peke yako usingeyabuni.

Na salamu, wapendwa! Watu wetu wakikutana wanasalimiana, kwa hiyo waigizaji nao watasalimiana: shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo. Nusu ukurasa imekwenda, hakuna aliyetaka kitu. Ingia sini baada ya salamu. Iache tu pale salamu yenyewe inapokuwa ugomvi, mfano konda anapomfikia tajiri na hamwamkii.

Udhaifu wake nausema wazi: inakupa sini, haikupi hadithi. Ukiwa na sini 12 nzuri za kuigizwa na huna kadi wala sekwensi, una vichekesho 12. Na kabla ya kurekodi, andikianeni na waigizaji kwamba maneno yatatumika kwenye skripti na jina la mwandishi litakuwa la nani. Ugomvi wa hilo huja filamu ikishapata pesa.

---

pwani_mbili

Dada mama_dayalojia kamaliza, ila kwa walio Tanzania Bara kuna jambo la sheria linaloathiri njia hiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na maombi huambatana na skripti. Kwa hiyo hata kama mazungumzo yenu yanazaliwa kwa kuigiza, yazaliwe mapema kwenye mazoezi, yaandikwe, ndipo muombe.

Kuhusu sekwensi, nadhani mwanzisha uzi kaipitia haraka mno wakati ndiyo daraja zuri kwa aliyezoea filamu fupi. 8 mara 11 ni 88, hiyo ni filamu yako. Kila kipande ni filamu fupi yenye swali moja. Cha kwanza: konda atauficha mkoba au atausema? Cha pili: atapata jina la mwenyewe? Cha nne kinaishia katikati, karibu na ukurasa wa 45, na hapo jibu lazima ligeuze kazi yote. Labda anagundua msiba wenyewe ni wa ndugu wa tajiri. Kuanzia cha tano hatafuti tena mtu, anatafuta namna ya kurudisha bila kufukuzwa.

Kinachoharibika: kila kipande kikifungwa kabisa, mtazamaji anahisi anatazama vipindi vinane vya tamthilia. Jibu la kipande liwe ndilo linalozaa swali la kinachofuata. Andika maswali manane kwenye karatasi moja kabla ya lolote. Ukishindwa la sita na la saba (huko ndiko wanakoshindwa wengi), mwisho wako bado hujaujua.

---

mwali_wa_kalamu

Nauliza jamani, sina laptop, nina simu tu. Njia ipi inawezekana? Na nikiandika NDANI na NJE badala ya INT. na EXT. ni kosa?

---

Mkwaju

Zote zinawezekana, mdogo wangu. Tumia Fountain, ambao ni utaratibu wa kuandika skripti kwa maandishi matupu; kijidaftari chochote cha simu kinatosha. Baadaye faili hilo linafunguka kwenye programu za skripti kama Highland, Fade In au Trelby likiwa limejipanga lenyewe.

Mstari ukianza na INT. au EXT. unakuwa kichwa cha sini. NDANI haitambuliki, kwa hiyo tanguliza nukta: `.NDANI. DALADALA - ASUBUHI`. Si kosa, mradi skripti nzima ifuate mtindo mmoja. Mwongozaji wa nje ya nchi akihusika, tumia INT. na EXT. Jina la mhusika ni herufi kubwa tupu, juu yake mstari mtupu, chini yake maneno yake bila kuruka mstari. Maelezo ya namna ya kusema yanakaa kwenye mabano chini ya jina.

Mitego miwili. Ukiandika KIMYA kwa herufi kubwa na sentensi chini yake mara moja, programu itadhani Kimya ni mtu anaongea. Tanguliza alama ya mshangao, `!KIMYA`. Na KATIZA: mwishoni mwa sini haitambuliki kama mpito (alama ya kuhamia sini nyingine) mpaka uanze na `>`. Maelezo yako ya "hapa tajiri anagundua" yatie ndani ya `[[ ]]`, hayatatokea kwenye skripti iliyopangwa. Zima usahihishaji wa tahajia kwenye kibodi, la sivyo "hesabu" itageuzwa kitu cha ajabu.

Nyongeza kwa wanaoandika kwenye Word: ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja inahesabiwa kwa fonti ya Courier ukubwa wa 12, pambizo ya kushoto inchi 1.5, nyingine inchi 1, karatasi ya Marekani yenye urefu wa inchi 11. A4 ina inchi 11.69, inabeba kama mistari 4 zaidi. Ukitumia Times New Roman maneno yanabanana zaidi, na "kurasa 90" zako zinaweza kuwa filamu ya saa mbili.

---

mwali_wa_kalamu

Asante sana. Sasa nitajuaje njia gani inanifaa?

---

SiniYaKwanza

Wiki mbili, filamu fupi mbili za kurasa 8. Ya kwanza kwa kadi: siku 2 kupanga, siku 5 kuandika. Ya pili, wazo jingine la ukubwa uleule, rasimu chafu bila kadi: siku 4 kuandika, siku 3 kurekebisha kwa orodha ya Njia_Panda. Muda uwe uleule kila siku, tuseme dakika 45. Kila siku andika vitu vitatu tu: kurasa ngapi, umekwama wapi, umekwamuka kwa njia gani.

Kisha soma "umekwama wapi". Kama ni kabla ya ukurasa wa kwanza, kadi zinakuogopesha, anza na rasimu. Kama ni ukurasa wa 4 au wa 5 na hujui kinachofuata, unahitaji kadi au yale maswali manane ya sekwensi. Kama matukio yapo ila wahusika wote wanaongea sauti moja, tafuta watu wawili na simu ya kurekodi. Ukikwama sehemu mbili tofauti, changanya. Kadi kwa sini kubwa tano tu na katikati yake rasimu chafu ni mchanganyiko unaofanya kazi vizuri kabisa.

---

Njia_Panda

Na wakati wa jaribio hilo usimpe mtu yeyote asome. Maoni yakija siku ya tatu, utaanza kupima msomaji wako badala ya njia yako. Ukimaliza zote mbili, mpe mtu mmoja asome kwa sauti mbele yako, wewe ukiwa na nakala mkononi na penseli, weka alama kila anapojikwaa ulimi.