Mnaonipa shilingi moja mkasema ni kumi, uzi huu ni wenu

Wanajukwaa, salaam aleikum. Nauza kashata na mabuyu Langoni, hapa Lamu, na sioni tangu utotoni. Simu yangu inanisomea kwa sauti kila herufi ninayobonyeza, kwa hiyo zikiruka mbili tatu msinianzie somo la tahajia. Leo nina hasira.

Kuna watu wazima, si watoto, wananitia shilingi moja kiganjani wakisema, "Kumi hiyo, ami." Mtu kavaa kanzu imenyooka, marashi yananukia mpaka huku nilipo, anadhulumu mabuyu ya shilingi kumi! Nikiidondosha ile sarafu barazani niisikilize, anayeudhika ni yeye. "Ami, kwani huniamini?" Sikuamini, ndiyo. Ningekuamini ningeigonga ya nini?

Na mnaodhani asiyeona anajua sarafu kwa karama fulani, nisikilizeni. Ishirini haina taabu, ni kubwa na nzito. Tano ndiyo ndogo kuliko zote, hata ikiwa ndani ya mfuko naitoa bila kupapasa mara mbili. Balaa ni moja na kumi. Upana wao unakaribiana mno, na mkononi uzito ni kama ule ule. Tofauti ni kwamba moja ni madini ya aina moja, na kumi ina pete nje na kitovu cha madini mengine katikati, kwa hiyo ukipitisha ukucha pole pole unausikia mshono. Lakini hapo ni kama sarafu haijachakaa na vidole vyako ni vikavu. Vyangu vina sukari ya mabuyu tangu asubuhi, na sarafu zenyewe zimeshapita mikono ya wavuvi, wapagazi na watoto wa chuoni, yaani madrasa, mpaka zimelainika kama kokoto za pwani.

Hapo ndipo masikio yanapoingia kazini. Kwenye saruji, shilingi moja inalia na kuendelea kulia. Kumi inakata upesi, kwa sababu vyuma viwili vilivyobanwa pamoja havitetemeki kwa uhuru. Asubuhi mtaa ukiwa umetulia sikosei. Jioni je? Mashini za maboti ya Mokowe, punda, vijana wanaobishana mpira juu ya kichwa changu. Wiki ya Maulidi ndiyo usiseme: wateja wengi, matwari kila kona, na wezi wangu wanajua fika kwamba sisikii kitu.

Sasa nije kwa waliotuchorea sarafu hizi. Desemba 2018 zilipotoka mpya, nchi nzima ilishangilia kwamba sura za marais zimeondoka, kama inavyotaka Katiba ya 2010, kifungu cha 231. Tukawekewa twiga kwenye moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Hongereni. Kwa kidole changu, twiga na simba ni mikwaruzo tu, kama ilivyokuwa mikwaruzo sura ya Moi. Na zile za zamani bado ziko sokoni, zimechanganyika na hizi, kwa hiyo kidole kimeongezewa kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa nayo dawa. Wenye umri wangu mnaikumbuka shilingi tano ya mwaka 1985, ile ya pembe saba. Ile hata mtoto asiyeona aliijua akiwa amefumba ngumi. Miaka ya tisini ikabadilishwa, ikaja tano ya duara, na tangu hapo duara juu ya duara. Uingereza wana peni 20 na peni 50 za pembe saba mpaka leo. India mwaka 2019 walitoa sarafu mpya wakisema wazi kwamba wamewafikiria wasioona, na rupia 20 wakaipa pembe kumi na mbili. Ulaya walipotengeneza yuro walikaa na chama cha wasioona, wakaweka kingo tofauti: moja ina mikato saba pembeni, nyingine ina mikwaruzo inayokatika katikati na kuanza tena. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Ni ukingo tu wa sarafu, ambao hata hivyo lazima utengenezwe. Hata sisi, noti za 2019 tuliwekewa mistari iliyoinuka ya kupapasa. Sasa noti nazipata mara ngapi mie muuza mabuyu?

Najua kuna atakayekuja hapa chini kuandika, "Si utumie M-Pesa?" Natumia. Lakini mteja wangu mkubwa ni mtoto aliyetoka chuoni na sarafu moja mkononi. Huyo simu ataitoa wapi? Na pesa ikiingia, simu inasoma ujumbe kwa sauti pamoja na salio, baraza zima linajua nina kiasi gani. Nikivaa vya masikioni, simsikii anayeniambia nimfungie kashata mbili. Programu za kutambua pesa kwa kamera nazo nyingi ni za noti. Hata ile ya Benki Kuu ya India ya mwaka 2020 inasoma noti. Na niseme ukweli, kumsimamisha mteja nianze kupiga picha shilingi kumi yake ni kumfukuza.

Kifungu cha 54 cha Katiba hiyo hiyo kinasema mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Basi nyinyi mnaokaa baraza moja nami, mkaona nimepewa moja mahali pa kumi, mkanyamaza kwa sababu mlipaji ni jamaa yenu, mnajijua. Nasikia mnavyokohoa.

Anayejua malalamiko kuhusu umbo la sarafu yanapelekwa wapi kwa maandishi, aniwekee hapa utaratibu wake, nitaandika mwenyewe na kusaini kwa dole gumba. Wenye "pole sana ami" pitieni tu, msinijazie uzi. Na wewe wa jana baada ya alasiri, sauti yako naijua, na deni lako ni shilingi tisa.