Wanafunzi wangu Wachina wanachanganya "he" na "she", nifanyeje?

teacha_wa_online: Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza kwa video, wanafunzi wako China, watu wazima wa maofisini, wakiandika wako vizuri sana ila waanze kuongea sasa, "my wife, he is a doctor", na mtu kasoma Kiingereza tangu shule ya msingi. Namsahihisha, anacheka, dakika mbili tu karudia. "Yesterday I go" ndo usiseme. Mnawasaidiaje hawa?

Mkuu_Guangzhou: Hilo la he na she wasamehe tu boss, Kichina yeye wa kiume na yeye wa kike wote ni tā, sauti moja, tofauti iko kwenye herufi tu, na hata hiyo herufi ya kike ilienea miaka ya 1920 hivi. Ndo maana wakiandika wanapatia. Si sisi wenyewe na "yeye" yetu tunawapa watu jinsia zisizo zao kila siku 😂. Hiyo "yesterday I go" nayo, kitenzi chao hakibadiliki, ukishataja jana biashara imeisha.

mama_Tia: Ongeza na "although it is raining, but I will come". Kwao suīrán na dànshì zinakaa sentensi moja bila shida, kama sisi na ingawa... lakini. Halafu "open the light", maana kufungua mlango na kuwasha taa ni kitenzi kimoja, kāi. Ushauri wangu usimkatize kila kosa, utamfunga mdomo, chagua kosa moja kwa kipindi. Mi huwa naambia mtu alete picha ya familia anisimulie bibi yake tu mpaka she imkae mdomoni, babu atakuja kipindi kijacho.

teacha_wa_online: Ya picha naiba hiyo dada. Sasa nikiuliza "you don't have homework?" ananijibu "yes", anayo au hana??

Mkuu_Guangzhou: Hana huyo lol. Anakubaliana na ulivyouliza, kama we ukiulizwa hujala unavyojibu ndiyo, sijala. Mkazanie ajibu sentensi nzima, "no, I don't", yes ya peke yake usiipokee. Au uliza tu "do you have homework?" upumzike.